Sifuri ya Maman Védastine

Sina subira na watu wanaosema Maman Védastine alikuwa mama mbaya. Waje waniambie mimi usoni! Miaka kumi na saba tumefanya naye kazi moja hapa Cyangugu, Rwanda, yeye mjumbe wa afya wa kijiji chake, mimi wa kijiji changu, na sijaona mtoto mwenye homa ambaye yeye alimpita bila kuingia nyumbani kwao. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kama mimi, na Kiswahili cha huko hakikumtoka. Alikuja huku ameshaolewa, mume akamfia, akabaki na mwanawe mmoja, Ganza. Ukikutana naye njiani, kabla ya habari za asubuhi anakuuliza kama choo chako umekifunika. Msumbufu, jamani! Lakini tulimpenda, na alilosema tulilifuata.

Ganza alikuwa fundi wa pikipiki, mcheshi, mikono myepesi. Alikuwa akivuka kwenda Bukavu kununua vipuri, na huko akajifunza mugo. Mugo ni heroini, kama hujui, na heri usijue. Kwanza alivuta, baadaye akaanza kujidunga. Mama yake alimkuta nyuma ya nyumba mchana kweupe, yeye na wenzake wawili, sindano moja, wanapokezana kama watu wanaokunywa pombe ya mtama kwa mrija mmoja. Alikuja kwangu mbio.

"Maman Clarisse, hii maneno iishie hapa kwako."

Nikakubali. Kwetu aibu ya nyumba haitoki nje ya ua, na mimi nililelewa hivyo hivyo.

Mwaka uleule akaja Papa Mutabazi kutoka Kigali, mtu wa makamo, mpole, mtu wa mipango ya afya. Alituita wajumbe wote wanane kwenye ukumbi wa kituo cha afya. Akatueleza kwamba nchi inaandika mpango wa kuzuia virusi vya ukimwi, na kwamba wanaojidunga wanaambukizana kwa sindano wanazochangia. Kuwapiga na kuwafunga peke yake hakujasaidia, akasema. Sasa wanataka kuwapa sindano safi, kuwapima, na kuwapa dawa ya kutuliza ile kiu.

"Lakini sindano zitapelekwa penye watu," akasema. "Pasipo na watu hazitaenda. Majina hatutaki. Tuleteeni idadi tu."

Tukapewa karatasi na wiki moja.

Sasa sikiliza tulivyoharibu. Katika mikutano yetu Maman Védastine ndiye anayeanza, kwa sababu ni mkubwa wetu, na wengine tunafuata kwa zamu. Siku ya kurudisha karatasi alisimama, akakaza kikwembe chake kiunoni, akasema, "Kwangu, sifuri."

Ee Mungu wangu! Mimi nilijua. Na wale wenzake wawili walikuwa wa kijiji changu, na mama zao nawajua. Lakini kama Maman Védastine ana sifuri, mimi ni nani nisimame niseme wawili? Watu si watasema kijiji changu ndicho kilichooza? Joséphine, aliyekaa kati yetu, akasema sifuri. Mimi nikasema sifuri. Tukaenda hivyo hadi mwisho wa benchi, sifuri nane, kama tunaitikia sala. Papa Mutabazi akaandika zote. Kwa nini asituamini?

Nje nilimvuta pembeni. "Na Ganza?"

"Nikiandika moja, kila muntu atauliza ni nani. Batamujua."

"Lakini majina hawayataki!"

"Batamujua tu," akasema, akaondoka haraka.

Mpango ulipotoka, sindano zilipangiwa sehemu nyingine, na sisi hatukuwemo. Papa Mutabazi alikuja mwenyewe kutushukuru kwa kazi nzuri, akatupongeza kwamba kwetu tatizo hilo halijafika. Tukapiga makofi. Védastine naye alipiga makofi, na nilishindwa kumtazama.

Basi akajaribu peke yake. Alikwenda duka la dawa kununua sindano, akasema ni za kuchanja kuku. Hana hata jogoo! Tulicheka sana mimi na yeye kwa hilo, Mungu atusamehe. Kila wiki kuku, kila wiki kuku, mpaka siku moja muuzaji akamuuliza mbele ya watu, "Maman, hizo kuku zako zinaugua nini isiyoisha?" Watu wakacheka. Védastine akarudi nyumbani bila sindano, na dukani pale hakukanyaga tena. Nilimgombeza. Nilimwambia aibu haiui, sindano chafu ndiyo inayoua. Alinijibu kwamba ni rahisi kusema hivyo kama mwana si wako, na kweli, mimi mwenyewe nilikuwa bado nawaficha wale wawili wa kijijini kwangu.

Ganza akaanza kukonda, na kikohozi kikamshika. Mwishowe mama yake alitoa kipimo cha virusi katika mfuko wake wa kazi, akampima mezani kwao, na mstari wa pili ukatokea: anavyo. Hospitali walituambia virusi vilikuwa vimekaa siku nyingi, na kifua kikuu kimeshaingia mapafuni. Akalazwa.

Mkutano uliofuata, Papa Mutabazi hajamaliza hata kutusalimia, Védastine akasimama.

"Papa, ile mwaka nilisema uongo. Kwangu iko moja. Ni mutoto wangu Ganza."

Nikajiona nimesimama na mimi. "Kwangu wawili." Joséphine akasema watatu, analia. Hadi mwisho wa benchi tulifika kumi na mmoja. Papa Mutabazi akaandika upya. Akasema mpango unaweza kuongezwa, na barua ataiandika leo leo, lakini sindano zitachukua miezi.

Védastine hakungoja mkutano uishe. Tulikwenda hospitali karibu tunakimbia, alitaka mwanawe asikie kwake kwanza. Akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Ganza, bameandika! Ninyi wote. Sindano safi zitakuja."

Ganza alitabasamu. "Na mara ya kwanza ulituandika bangapi?"

Angeweza kumdanganya. Nilitamani amdanganye, nasema kweli. Lakini alimshika mkono, akamjibu, "Sifuri, mutoto wangu."

Kijana alitazama dari. "Ah," akasema. "Miye nilibaambia benzangu bangojee. Nilibaambia Maman yangu ndiye anapita na karatasi, hawezi kutusahau."

Kisha akaomba maji. Alikufa Alhamisi, kabla ya adhuhuri.

Tumemzika. Jana nilimpelekea mama yake ugali na sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, na hakugusa. Hakuniuliza habari za sindano wala za barua. Aliniuliza swali moja tu, juu ya Ganza.

"Maman Clarisse, juu ya nini hakunitukana? Angenitukana tu, ningeweza kulia."