Waliosema Nampiga Binti Yangu

Binti yangu alivunjika paja nikimbadilisha nepi. Sikumwangusha. Niliinua miguu yake kama mama yeyote, nikasikia mlio wa kijiti kikavu, kisha kilio. Mkono ulikuwa umeshavunjika kabla ya hapo, na Siakago nzima, mji wetu mdogo, ilikuwa na jibu: nampiga.

Kwenye zahanati, mfunga plasta hakunitazama usoni.

"Mama, huyu mtoto unampiga na nini?"

"Simpigi."

Akamwita chifu. Chifu akanihoji mbele ya foleni nzima, mtoto akilia mapajani mwangu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa chumbani nami mfupa ulipovunjika na sasa yuko kando yangu, alikaa kimya. Kimya hicho kiliniuma kuliko maneno ya chifu.

Nikampeleka mtoto hospitali ya Embu, kwa daktari wa mifupa, mwanamke. Kabla ya kugusa mguu, alimfunua kope.

"Weupe wa macho yake una rangi ya samawati," akasema. "Mama, hujampiga mtu."

Nililia kwa hasira.

Alinieleza taratibu. Mfupa si chokaa tupu. Umejengwa juu ya protini iitwayo kolajeni. Ndani ya seli, nyuzi tatu husokotwa kuwa kamba moja, kisha kamba hiyo hutolewa nje. Huko nje ncha zake hukatwa, kamba nyingi zikapangwa pamoja na kushikanishwa, ndipo chokaa ikapata pa kukaa.

"Kwa huyu, maagizo ya kutengeneza uzi yana kosa tangu tumboni. Kamba zinasokotwa vibaya, ndiyo maana mifupa huvunjika ovyo, na weupe wa macho ni mwembamba hadi rangi ya ndani inaonekana."

"Nilikula nini kibaya?"

"Hakuna. Si chakula, si laana, si mkono wako."

Nilirudi nikamweleza mama mkwe yote. Alikuwa akichambua maharagwe. "Basi kama ni ya kuzaliwa," akasema, "imetoka kwenu."

"Mama, ulikuwepo. Uliona. Mbona hukusema?"

Aliendelea kuchambua maharagwe. Chifu naye, aliyejua njia ya kuja kuniaibisha, hakuijua ya kuja kuniomba radhi.

Binti yangu alipofika umri wa shule, walimu walimkataa, wakiogopa lawama akivunjika. Nikaketi naye darasani, dawati la nyuma, muhula mzima, hadi walimu walipochoka kuniangalia wakampokea. Leo ni fundi cherehani, mfupi, anatembea kwa magongo, na akicheka mtaa mzima unasikia. Yeye huwasalimia wote waliotusema. Mimi bado sijaweza, na sijioni mwenye kosa.