Fitri Iliyochelewa

Watu wakiniambia Idi ni furaha, huwatazama tu. Idi ya mwanamke wa Mambrui, miaka ile ya themanini, ilikuwa moshi machoni na mgongo usionyooka. Mwezi ukishaandama, hulali. Ukande unga wa mahamri, ukune nazi, upepete mchele, upige pasi kanzu za ndugu zako wawili, waliorudi kutoka kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na uchovu wao kana kwamba wewe huna wako.

Mwaka mmoja mama alikuwa hajiwezi. Alifunga siku mbili tu, tukamzuia, akalia. Kilichombakia ni fitri, ile zaka ya chakula ya mwisho wa Ramadhani. Aliipima kwa mkono wake mwenyewe, pishi moja ya mchele kwa kila kichwa nyumbani, akaniagiza nimpelekee mjane jirani yetu kabla ya sala ya Idi. Ikitolewa baada ya sala huwa sadaka tu, na mama aliamini kwamba saumu ya nyumba nzima ingebaki ikining'inia baina ya mbingu na ardhi.

Nikasema nitapeleka. Ndugu zangu walipotoka kwenda msikitini, nikajilaza mkekani ninyooshe mgongo kidogo. Lo, usingizi hauna adabu! Nilipozinduka, takbira zilikuwa zimenyamaza na wanaume wanapeana mikono njiani.

Nilikimbia na kikapu kichwani. Mjane alikuwa ameketi kizingitini, jiko lake halijawashwa. Nilimweleza yote, hata usingizi. Akaupokea mchele, nami nikarudi nyumbani nikimwogopa mama kuliko nilivyowahi kumwogopa nikiwa mtoto.

Mama aliniuliza kama mchele umefika mapema. Nikasema ndiyo. Niliona aibu, wallahi, lakini alimshukuru Mungu, akala mahamri mawili, naye alikuwa hajatia kitu kinywani tangu juzi.

Alasiri mjane akaja kumpa mama mkono wa Idi, na mama akamuuliza mwenyewe mchele ulimfikia saa ngapi. Mjane alinitazama, kisha akamwambia mama kwamba watu wakienda kusali, yeye alikuwa ameshapika na kula. Mama akafumba macho, uso umemtulia.

Nilimsindikiza mjane mpaka mlangoni, nikitafuta neno la kumshukuru.

"Nimefunga mwezi mzima, sikusema uongo hata mmoja," akaniambia. "Haya, nenda ukalale."