Eksirei za Nyota na Mstari wa Changamwe

Siku ya kwanza kazini, katika karakana ya mabomba kule Changamwe, nilipewa beji ya kupima miale nibandike kifuani, na onyo moja. "Taa nyekundu ikiwaka, hata mamako akikuita usiingie," aliniambia Mkaguzi Mkuu, Mhindi mzaliwa wa Mombasa. Ilikuwa miaka ya mwisho ya mkoloni, nami nimetoka Mtopanga na viatu vya kuazima.

Kazi yetu ilikuwa kupiga eksirei viungo vya mabomba vilivyochomelewa. Filamu ilikaa ndani ya kikasha, kati ya karatasi mbili nyembamba za madini ya risasi, ambazo husaidia picha kutoka wazi. Mashine huku, kikasha kule, bomba katikati. Kisha niliiosha filamu katika chumba cha giza. Penye ufa palionekana mstari mweusi.

Mwaka wa pili nilishajiona daktari wa mabomba. Ndipo mstari ulipotokea kwenye kiungo cha Fundi Charo, mchomeleaji hodari kuliko wote pale.

"Mdogo wangu, geuza hicho kikasha upige tena," alisema. "Mkono wangu naujua."

"Filamu haisemi uongo, kaka."

Mkaguzi Mkuu aliitazama filamu mbele ya taa, na jioni hiyo Charo akaachishwa kazi. Alikusanya vyombo vyake akaenda.

Baada ya wiki mbili mstari uleule ulitokea kwenye bomba la fundi mwingine, pahali palepale pa filamu. Nilifungua kikasha. Karatasi ya risasi ilikuwa na mkwaruzo, ndio uliojichora kwenye filamu kama ufa, na bisibisi iliyoikwaruza ilikuwa yangu. Nilikwenda kusema.

"Mtu ameshaondoka," Mkaguzi Mkuu akajibu. "Badilisha karatasi, tuendelee."

Tukaendelea. Bendera ikabadilishwa, nikapanda cheo hadi nikakalia kiti chake, nikastaafu kwa heshima. Charo sikumtafuta. Niliona haya, na haya ikazoeleka.

Siku moja mpwa wangu, mwalimu wa fizikia, alikuja kunisalimu. Alinieleza kuhusu darubini zinazorushwa angani kupima eksirei za nyota: mawimbi yake hutikisika kuelekea upande gani, na ni mengi kiasi gani yanayofuata upande huo mmoja.

"Watajuaje kama huo upande ni wa nyota, si kasoro ya chombo chao?" nikamuuliza.

"Wanakizungusha chombo, mjomba. Alama ikizunguka nacho, ni ya chombo. Ikibaki pale pale, ni ya nyota."

Watu wanaituhumu darubini yao kabla ya kuituhumu nyota, nami nilishindwa kugeuza kikasha kwa ajili ya mtu niliyekula naye mihogo kila mchana.

Kesho yake nilivuka feri nikauliza-uliza Likoni, alikokuwa akikaa Charo, hadi nikampata. Alikuwa akitengeneza baiskeli barazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikamweleza yote: mkwaruzo, bisibisi, kimya changu. Alinisikiliza huku ameshika spoku ya gurudumu mkononi.

"Sikushika tena moto wa kuchomelea tangu siku ile," alisema. "Nilijua mkono umeharibika. Kwa hivyo ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, kaka. Nisamehe."

Aligeuka akamwita mkewe kutoka jikoni.

"Njoo usikie," akasema, kisha akanitazama. "Haya, mwambie na huyu."