Tangawizi ya Mzazi

Namtanguliza Mola ajuaye kilicho tumboni na kilicho udongoni. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Gisenyi, na bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha herufi za Kurani kabla sijajua kufunga kitenge.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya hamsini, mimba ya mama yangu ilipojulikana tu, bibi alipanda tangawizi nyuma ya jiko, iwe tayari kwa uji wa mzazi. Haikuruhusiwa kuguswa kabla ya siku hiyo.

"Usifukule," aliniambia. "Ukichungulia, na mutoto wa tumboni atachungulia."

"Kwani iko na macho?"

"We ndiye uko na macho mingi. Na mikono haitulie."

Kweli haikutulia. Mimba ilipofika mwezi wa saba nilifukua kwa kijiko, nikaona vidole vyeupe vyenye ncha za waridi, nikafukia upesi. Tangu hapo sikukaa. Nilimfuata mama ziwani, sokoni, mpaka mlangoni pa choo, nikilitazama tumbo lake. Siku ya tatu, akianika nguo, alishika kamba akainama.

Wanawake walimwingiza ndani. Nami nilizunguka nyumba nikisoma sura fupi niliyoijua, nikiikosea palepale kila mara. Hatimaye bibi alitoka na jembe.

"Bibi, ni mimi. Nilichungulia."

"Nilijua. Kijiko yangu ilikuwa na udongo."

Hakunipiga. Alichimba, vile vidole vilikuwa vichanga, havina ukali. Akapeleka mkono chini zaidi, akatoa kipande kilekile alichokipanda, kimesinyaa lakini kizima.

"Huyu ndiye mama yao. Yeye bado iko kali. Kimbia, uoshe."

Nilikitwanga mwenyewe, kwa machozi ambayo si yote yaliyokuwa ya tangawizi. Ndugu yangu alizaliwa kabla ya Alasiri, akienea katika viganja viwili vya bibi. Mama alikunywa uji wake. Wote wawili waliishi.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, nami najua kwamba saa ya kiumbe haiamuliwi kwa kijiko cha mtoto. Hata hivyo, kila anapokohoa ndugu yangu huyo, naye sasa ana mvi, mikono yangu huanza kuhangaika. Sijapata kumwambia, ninyi mmesikia kabla yake. Mola awajaalie, kwa kunisikiliza, mikono iliyotulia, ambayo mimi bado naiomba.