Mwende Alisoma Sawasawa

Enzi zetu kule Makongeni, programu ya kompyuta iliandikwa kwanza kwenye daftari. Sitanii. Ukumbi wa kanisa ulikuwa na kompyuta mbili na watoto tulikuwa kumi na wanane, kwa hivyo zamu yako ilikukuta umeshaandika kila kitu kwa kalamu. Kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu, kilikuwa kimoja tu, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, zawadi ya mjomba wake Mwende, rafiki yangu. Jioni tuliketi kwenye ngazi za kwao, baba yake akichonga twiga kando, vumbi la mbao likitua kwenye chai yetu. Mwende alisoma kwa sauti, mimi nikaandika. Nikichelewa aliniuliza, "Kwani unaandika ama unachonga?"

Jumamosi moja wazazi walialikwa waje watuone. Baba yangu, mtu wa reli, alibadilishana shifti na mwenzake, akaja na koti lake la kanisani. Programu yangu ilipaswa kumkaribisha kwa jina. Nikabonyeza. Kosa, mstari wa kwanza. Nikaandika upya herufi kwa herufi, kosa lilelile. Kwa aibu niligeuka nikasema mbele ya watu wote, "Ni Mwende. Alinisomea vibaya."

Mwende alichukua kitabu chake akatoka.

Mwalimu Nekesa, aliyetufundisha kompyuta, akapitia daftari langu. "Hakuna mtu amekosea," akasema. "Hii ni ya toleo la zamani la Python, na hizi kompyuta ziko na toleo jipya. Hayo maneno yanayofuata amri ya print, yatie kwenye mabano." Nikayatia. Jina la Baba likatokea kwenye kioo. Alipiga makofi, kisha akaniuliza taratibu, "Na yule mwenzako?"

Nilimkuta Mwende kwenye ngazi za kwao. Nikamwambia alisoma sawasawa.

"Najua," akasema. Akasogea nikae, akafungua kitabu, tukaanza kuongeza mabano kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa.

Leo hiyo ndiyo kazi yangu, kurekebisha programu za zamani zinazogoma kwenye matoleo mapya. Vijana wa ofisini hubandika kosa kwenye akili bandia na jibu huja kabla hawajafungua pakiti ya krisps. Ni haraka, sikatai. Ila mimi bado husoma kila mstari kwa sauti, na kuna siku, nikichelewa, hungoja mtu aniulize kama naandika ama nachonga.