Sauti Aliyomtengenezea Zam

Ijumaa ile asubuhi Shamira alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake, Arua mjini, akichora viduara kwenye daftari la shule. Vilikuwa viduara kumi na tisa katika mistari mitatu, na kila kimoja alikiachia nafasi ya kutia alama. Simu ikalia. Alikuwa Night Poni, jirani wa kaka yake kule Koboko.

"Mama Faridah, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Basi kaa vizuri. Mzee Sulaimani ametuacha. Alisali alfajiri, akarudi kulala. Mimi nimepeleka chai, nagonga, nagonga, hapana jibu."

Shamira akasema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Alisema mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuisikia sauti yake mwenyewe. Akauliza mazishi ni saa ngapi. Akaambiwa ni baada ya alasiri, kijijini Dranya, pembeni ya kaburi la baba yao.

Akalitazama daftari. Siku iliyofuata alikuwa aende na kaka yake kwenye duka la Onzima kuitafuta sauti moja. Walikuwa wameipata Jumanne, wakaipoteza papo hapo.

Sulaimani alikuwa mtoto wa askari. Miaka ya sabini, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alipiga kinanda katika bendi ya kambi. Hakikuwa kinanda kama cha kanisani. Kilikuwa sintesaiza, sanduku zito la mbao lenye vifundo vingi, linalotengeneza sauti kwa umeme mtupu. Ukizungusha kifundo hiki sauti inanenepa, ukizungusha kile inatetemeka. Kiliweza noti moja tu kwa wakati mmoja, kama koo la mtu. Wala hakikuwa na kumbukumbu: ukitaka sauti ya jana, unairudisha mwenyewe kwa mkono na sikio.

Humo ndimo alimotengeneza sauti ya Zam. Zam alikuwa binti wa muuza samaki wakavu, na wasichana hawakuruhusiwa kuingia ukumbini, kwa hiyo alisimama nje ya ua pamoja na wenzake. Wimbo wa mwisho ukikaribia kwisha, Sulaimani alipiga noti nne kwa sauti ile, na Zam akajua kwamba huyo sasa anatoka. Ndivyo walivyochumbiana, na ndivyo walivyooana.

Vita vya sabini na tisa vilipokaribia, watu wa Koboko walizika masufuria yao, cherehani zao na mabati yao, wakavuka mpaka. Sulaimani alizika kinanda nyuma ya jiko. Shamira, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alimshikia ncha ya turubai. Zam alifia Kongo kwa homa, mwaka wa tatu wa ukimbizi, na hakuacha picha hata moja. Waliporudi nyumbani walichimba pale pale wakakuta maji na mchwa. Sulaimani aliokota kifundo kimoja, akakitazama, akakitupa shimoni. Akawa fundi wa redio sokoni. Watu walipomwuliza kwa nini haoi tena, alisema redio zinamtosha, zinamsemesha mchana kutwa na hazidai gauni la Idi.

Dada yake peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli. "Sura yake naisahau, Shami. Naomba Mungu aniachie, lakini naisahau. Ile sauti nikiisikia tena mara moja tu, najua nitamwona."

Ndipo, miaka mingi baadaye, Onzima, kijana wa Adumi anayekodisha vyombo vya muziki kwa harusi, alipoleta kutoka Kampala vinanda vitatu vidogo. Vilikuwa nakala za siku hizi za vile vya zamani, sura ile ile na vifundo vile vile, lakini chombo kizima kinaenea kwenye mkoba wa mwanamke. Shamira alipoviona alimpigia simu kaka yake. Jumanne Sulaimani akaja Arua amevaa kanzu yake nzuri, kama anayekwenda kuposa.

Akawasha cha kwanza, akakunja mikono, akatulia. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini.

"Mzee, unangoja nini?" Onzima akauliza. "Hii hapana jiko."

"Ipate joto. Ikiwa baridi inaimba uongo."

"Hizi za sasa zinazaliwa na joto yake, mzee. Ukiwasha tu, piga."

"Wewe mwenyewe ulizaliwa juzi. Kaa kimya."

Nusu saa ilipotimia akapiga. Cha kwanza kilimchukiza mara moja. Alisema kina sauti ya mtu anayeongea na kikombe mdomoni. Cha pili kilikuwa na besi nzuri, lakini juu kilipiga kelele kama bawaba. Cha tatu alikipiga noti moja tu, akakaa wima.

Tatizo likawa vidole. Vifundo vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, na vidole vya Sulaimani vilikuwa vinene, vimekakamaa kwa miaka ya kushika chuma cha kulehemu. Akigusa kimoja, viwili vinazunguka. Basi Shamira, aliyezoea sindano, akawa mkono wake.

"Fungua hicho cha katikati. Kidogo! Shami, hapana kama unafungua bomba."

"Sema kiasi gani basi."

"Nusu ya kucha. Sasa cha chini yake, funga. Hapo. Hapana, umepita. Hata ulipokuwa mtoto ulikuwa unapita."

"Na wewe ulikuwa unapiga kelele vivi hivi."

Onzima alicheka mpaka akaegemea mlango. Walizungusha hivyo hadi adhuhuri, wakasali nyuma ya duka, wakarudi. Saa tisa hivi, Shamira aliporudisha kifundo kimoja kwa upana wa unyoya, sauti ikabadilika. Ilianza kama pumzi, ikafunguka polepole kama mtu anayeita huku kiganja kikiwa mdomoni, na mwishoni ikatetemeka kidogo tu. Sulaimani akapiga noti nne. Akazirudia.

"Zam," akasema.

Alifumba macho. Machozi yalishuka hadi kwenye ndevu na hakuyafuta. Shamira hakujua kaka yake anaona nini, ila uso wake ulikuwa uso wa kijana.

Kisha Sulaimani akashusha pumzi, akanyoosha mikono yote miwili, akafagia vifundo vyote mpaka sifuri.

"Mzee!" Onzima akaruka. "Umefanya nini? Hiyo haina kumbukumbu!"

Sulaimani akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Katika bendi ya kambi walikuwa wapiga kinanda wawili, wakipokezana. Ukiondoka na kuacha vifundo vyako, mwenzako anachukua sauti yako. Kwa hiyo, kila alipomaliza, alivirudisha sifuri kabla ya kusimama. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita, lakini mikono haikusahau.

"Turudie sasa hivi," Shamira akasema.

"Masikio yamechoka, na gari la Koboko linajaa. Tutarudi Jumamosi, inshallah. Najua sasa kama iko ndani." Akacheka. "Nunua daftari, uchore vifundo vyote. Utaandika wewe, maana mimi ni mwizi wa vitu vyangu mwenyewe."

Hayo ndiyo Shamira aliyokuwa akiyafikiria Ijumaa ile, akijifunga mtandio na kufunga duka. Kwenye kituo cha magari aliambiwa asubiri abiria wajae. Duka la Onzima halikuwa mbali. Akaenda.

Shamira alimwambia Onzima msiba kwa maneno mawili, naye akakiwasha kinanda cha tatu na kumpa kiti. Shamira akafungua cha katikati nusu ya kucha. Akafunga cha chini yake. Akapiga noti moja kwa kidole kimoja. Ikatoka sauti nzuri, lakini haikuwa ile. Akajaribu tena. Nyingine ilikaribia, ikamsimamisha nywele, lakini alipokigusa kifundo kilichofuata ikaenda zake. Mkono ulikuwa wake siku ile. Sikio lilikuwa la Sulaimani.

Simu ikalia. "Mama Faridah, uko wapi? Wamemaliza kuosha. Wanasema wafunge sanda."

"Waambie wanisubiri."

"Njoo basi. Sheikh anasema mutu hachelewi kwenye safari yake."

"Kaa nusu saa tu, mama," Onzima akasema kwa upole. "Imekaribia. Hata mimi nasikia imekaribia."

Shamira aliviangalia vile vifundo. Alitamani kukaa. Alijua pia kwamba akikaa hatamwona kaka yake tena. Akasimama. "Zima, mwanangu," akasema, akatoka karibu akikimbia.

Alifika Koboko saa tisa na dakika chache. Walikuwa wamemsubiri. Night Poni alimshika mkono akamwingiza chumbani, ambamo Sulaimani alilala katika nguo nyeupe, akinukia kafuri, uso peke yake ukiwa wazi. Shamira akapiga magoti.

"Kaka, niliitafuta tena leo, sikuipata," akasema. "Nisamehe. Na mimi nimekusamehe yote. Mungu akukutanishe naye."

Hakutaja jina. Wakamwambia inatosha, akasogea, wakaufunika uso na kufunga kamba za sanda.

Aliswaliwa baada ya alasiri, safu tano za wanaume. Wakampeleka Dranya kwa gari la mizigo, wengine wakifuata kwa bodaboda. Wanawake walisimama mbali kidogo, karibu na jiko la shangazi wa marehemu. Wanaume watatu waliingia kaburini wakampokea, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, wakapanga mbao, wakarudisha udongo. Kila mtu alitupa viganja vitatu. Kaburi likamwagiwa maji. Sheikh akaomba dua ndefu, watu wakaitikia amina, wakanawa mikono, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Shamira alimwombea kaka yake, akamwombea na Zam aliyelala Kongo, kisha akaenda kuwasaidia wanawake kuosha vyombo.