Kompyuta Bubu ya Sakina

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa kwenye fremu yangu, kiduka cha kutengenezea kompyuta pale mtaani Sakina, nimerudi kutoka India na stashahada. Ada niliilipa mwenyewe kwa kuuza mitumba, na sioni haya kujisifu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Watu walitoka hata Kimandolu, upande wa pili wa mji, kuja kumwona fundi aliyevuka bahari.

Asubuhi hiyo aliingia Mama Ndetaulwa, mama asiyeona, aliyekuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma. Wakubwa wote aliwatambua kwa kikohozi tu. Shirika likabinafsishwa, mitambo ikabadilishwa, naye akapunguzwa kazi. Sasa kampuni moja ya utalii ilikubali kumjaribu Jumatatu: akiweza kuandika barua kwenye kompyuta, kazi ni yake. Nami nilikuwa nimemwahidi kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti.

Mfumo wa kompyuta hiyo sikuununua. Uliundwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa nchini kwake, wakaugawa bure pamoja na siri zake zote. Niliupenda kwa sababu unafunguka; unaweza kuuchungulia ndani, kama mtoto anavyochungulia nyuma ya redio akimtafuta anayesema. Ila mashine ilikuwa bubu. Nilibadilisha draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kadi ya sauti. Nikaiondoa, nikairudisha. Kimya. Mama akabonyeza herufi moja, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Labda nayo imepunguzwa kazi," akasema.

Nikalalamika kwamba nimewaandikia waundaji barua pepe, wamenipuuza. Akataka kujua nimewaandikia nini. Nikamweleza: kwamba mimi ni mtaalamu mwenye stashahada, mfumo wao ni mbovu, wautengeneze upesi.

"Wanalipwa?"

"Hawalipwi, Mama."

"Basi huo ni msaragambo, baba. Wewe Mmeru umezaliwa kwenye mifereji. Maji yasipofika shambani kwako, unapanda mlimani na jembe au na matusi?"

Mkono mtupu haulambwi. Kwetu maji ya mlimani hushuka kwa mifereji tunayoizibua kwa msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira, na anayelalamika huulizwa kwanza: mfereji umeufuata kutoka wapi, umeona nini? Hapo ikanirudia raha ya utotoni, ya kufuata maji yaliyopotea. Nikaanzia juu kabisa. Programu inasoma? Inasoma. Draiva imeitambua kadi? Imeitambua. Sauti imefungwa, kama lango la mfereji? Iko wazi. Basi inakwenda wapi? Nikaenda intaneti kafe, nikawasalimu wale watu, nikaeleza nilichokiona na nisichokielewa.

Kesho yake mtu nisiyemjua akanijibu kwa swali moja tu: mashine hiyo ina kadi ngapi za sauti?

Nikacheka peke yangu. Zilikuwa mbili. Moja ilitoka nayo kiwandani. Nyingine niliichomeka mimi, kwa kuwa ni bora zaidi, na spika nikaziunga hapo. Sauti ilikuwa inatoka siku zote, ila ikielekea kwenye ile ya kiwandani. Maji yalikuwa yakimwagilia shamba lisilolimwa.

Nikauelekeza mfumo upya kwenye kadi yenye spika, nikamwita Mama. Akaandika jina lake herufi kwa herufi, akalisikia likisomwa kwa lafudhi ya Kizungu, akacheka hadi akashika meza.

"Inanitamka vibaya kama bosi wangu wa zamani," akasema. "Tutaelewana."

Jumatatu alikwenda, na kazi akaipata. Lakini kabla ya kwenda aliniuliza kama nimerudi kuwaambia wenzangu palipokuwa pameziba. Nikaandika. Baadaye kijana wa nchi ya mbali, aliyesoma maelezo yangu, akanishukuru, kompyuta yake nayo imesema. Nina mengi ya kujivunia, mwanangu, lakini hilo naliweka mbele ya stashahada.

Basi sikiliza. Kitu kikigoma, anza na swali kabla ya hasira. Kifuate kutoka kwenye chanzo, lango kwa lango. Ukiomba msaada, sema ulichokwisha kujaribu. Ukishapata, rudi ukawaonyeshe njia wanaokuja nyuma. Na kujisifu sikukatazi, ila jisifu ukiwa na tope la mfereji miguuni. Mungu akupe sikio la kusubiri kama la Mama Ndetaulwa, na maji yako yasipotee kamwe kabla ya kufika shambani.